Kisa cha Commodore 65: kumalizia kompyuta iliyoachwa njiani

Kuna waraka wa kihandisi wa mwaka 1991 ambao nimeurudia mara nyingi mno kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine inayoelezwa humo. Ni maelezo ya mfumo wa kompyuta ambayo wakati ule iliitwa C64DX. Mwanzoni yametajwa majina manne: Fred Bowen, Paul Lassa, Bill Gardei na Victor Andrade, wahandisi wa Commodore nchini Marekani. Inafuata orodha ya matoleo ya bodi na chipu zilizokuwa zikitumika wakati huo, kisha onyo fupi: chipu zote hizi zitafanyiwa mabadiliko kabla ya uzalishaji kamili.

Uzalishaji kamili haukufika. Mwaka huohuo mradi ulifutwa, na mashine ambayo leo tunaiita Commodore 65 ikabaki jinsi ilivyokuwa mezani kwa wabunifu wake: inawaka, inaandika kwenye skrini, inapiga muziki, na haijakwisha.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakifanani na habari nyingi za watundu wanaofufua kompyuta za zamani. Kwa kawaida kazi yao ni kusaka vipuri na kuirudisha mashine katika hali iliyotoka nayo kiwandani. C65 haikutoka kiwandani. Waliojitolea kuijenga upya walilazimika kuamua, chipu kwa chipu, mambo ambayo Commodore yenyewe ilikuwa bado haijayaamua. Naamini kwa sehemu kubwa waliamua vizuri. Nitaeleza kwa nini, na nitaonyesha pia pale ninapoona walijizalia tatizo.

Ilikotoka

Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982 kwa dola 595. Kwa msomaji aliyekulia kwenye simu za kugusa, ilikuwa kompyuta nzima ndani ya kibodi nene. Unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni, unaiwasha, inakuandikia READY na kukusubiri. Prosesa yake, 6510, ilikwenda kwa takriban megahezi 1. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 64. Chipu ya picha iliitwa VIC-II na ya sauti SID, kazi ya Bob Yannes, ambayo mpaka leo wanamuziki wanaitafuta kwa udi na uvumba. Hata makadirio ya chini yanasema ziliuzwa zaidi ya milioni 12.

Siri moja ya mafanikio hayo ni kwamba Commodore ilikuwa na kiwanda chake cha chipu. Iliinunua kampuni ya MOS Technology mwaka 1976, kwa hiyo mbunifu akiwaza kitu leo, wa kukichonga kwenye silikoni walikuwa ni wenzake wa nyumbani. Lishike hilo, kwa sababu nguvu hiyo ndiyo iliyokuja kuwa shida kubwa ya watundu miaka mingi baadaye.

Mwaka 1987 ilitoka Amiga 500, mashine ya kizazi kingine kabisa. Kampuni ikawa na nyumba mbili za kuhudumia: Amiga iliyobeba matumaini ya kesho, na 64 ambayo hasa Ulaya bado ilikuwa inaleta pesa. Ndipo lilipozaliwa wazo la C65: kaka mkubwa wa 64, mwenye uwezo unaoikaribia Amiga, lakini anayeweza kuendesha programu za mdogo wake.

Kwenye karatasi ilivutia sana. Prosesa ilikuwa 4510, chipu moja iliyomeza vitu vilivyokuwa vimetawanyika kwenye bodi ya 64, ikikimbia kwa megahezi 3.54. Kumbukumbu kilobaiti 128, na nafasi ya kuongeza nyingine. SID mbili, yaani sauti ya stereo. Chipu ya picha, VIC-III ya Bill Gardei, iliweza kuonyesha rangi 256 kwa pamoja kutoka katika rangi 4,096. Hesabu hiyo ya pili ni rahisi kuielewa: nyekundu ina ngazi 16, kijani 16, bluu 16, na ukizizidisha unapata 4,096. Jedwali la rangi la Amiga 500 lilitoka kwenye hesabu hiyohiyo. Pembeni kulikuwa na chipu ya kuhamisha vipande vikubwa vya kumbukumbu bila kuichosha prosesa. Ndani ya kasha lenyewe kulikuwa na kiendeshi cha diski ya inchi 3.5, mdomo wake ukitazama mbele upande wa kulia. Kwa mtumiaji wa 64 aliyezoea kiendeshi cha pembeni kikubwa kama tofali na kizito kuliko kompyuta yenyewe, hicho peke yake kilikuwa sababu ya kununua.

Kisha ukaja uamuzi wa wakubwa. Mwaka 1991, chini ya mwenyekiti Irving Gould, mradi ulifutwa. Bei ya Amiga 500 ilikuwa ikishuka, na haikuwa rahisi kumweleza mteja kwa nini anunue mashine ya biti 8 inayokaribiana nayo. Sioni kama uamuzi huo ulikuwa wa kijinga. Kinachouma ni kwamba uliwakuta mafundi wakiwa wamebakiza kidogo.

Aprili 1994 Commodore yenyewe ilifilisika. Katika kugawana mali za marehemu, mashine za majaribio za C65 zilitoka ghalani na kuuzwa. Makadirio ya idadi yake yanaanzia 50 hadi 2,000, na upana huo wa makadirio unakuonyesha zilivyotoka bila daftari. Leo ikijitokeza moja mnadani, bei hupanda hadi maelfu ya euro, na zaidi ya mara moja imepita 10,000.

Mgonjwa asiye na mtoa damu

Mimi ni fundi wa vifaa vya elektroniki, na kila fundi wa huku kwetu anaijua kanuni ya kuua kimoja kuponya kingine. Redio tatu zimekufa, unatoa vipuri kwenye mbili, moja inaimba. Commodore 64 inaponyeka kwa njia hiyo hadi leo, kwa sababu maiti zake ni nyingi. Watundu wamefika mbali zaidi: wanachapisha bodi mpya kabisa za 64, wanahamishia chipu za zamani, wanapata mashine inayong'aa.

C65 hairuhusu hilo. Chipu ya 4510 haikuwekwa kwenye mashine nyingine yoyote iliyouzwa. VIC-III vilevile. Zilichongwa kwa kiasi cha majaribio, katika kiwanda ambacho hakipo tena. Ukiichoma VIC-III ya mashine yako kwa adapta mbovu ya umeme, huna pa kununua nyingine isipokuwa kwa kuivunja C65 ya mtu mwingine. Ndiyo maana wengi wenye nazo huziwasha kwa nadra na kwa hofu. Kapasita zinazeeka zikiwa hata hazitumiki, na mashine ya miaka zaidi ya 30 haikupi hodi kabla ya kufa.

Kuna tatizo jingine linaloonekana pale tu unapoziweka mbili mezani. Hazifanani. Moja ina toleo hili la VIC-III, nyingine lile. Programu za ndani, yaani ROM, zina namba zilizotokana na tarehe: 910111 ni ya Januari 1991, 910828 ya Agosti, 911210 ya Desemba. Programu uliyoiandika kwa kutegemea hila fulani ya mashine yako inaweza kugoma kwenye mashine ya jirani yako, na wote wawili mna C65 halali.

Kwa hiyo mtu akikwambia anataka kujenga C65 iliyo sawa na ya asili, una haki ya kumuuliza: ipi?

Njia ya kwanza watu waliyoishika ilikuwa emuleta, programu inayoigiza mashine nzima ndani ya kompyuta ya kisasa. Ndiyo njia niliyoingilia mimi. Ni nzuri, haina gharama, na iliwasaidia watu kuusoma mfumo bila kuhatarisha chipu. Lakini ukikaa nayo unagundua kinachokosekana. Unabonyeza kitufe cha laptopu ambacho hakimo kwenye kibodi ya Commodore. Diski ni faili. Sauti inapita kwenye tabaka za mfumo endeshi kabla ya kukufikia sikioni. Watundu walitaka kitu cha kushika kwa mikono.

Mtu wa Adelaide na chipu isiyo na kazi

Mwaka 2014 Paul Gardner-Stephen, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Flinders huko Adelaide, Australia, alianza kuijenga kwa kutumia FPGA. Jina lake lilikuwa limeshajulikana kwa kazi nyingine ninayoithamini: mradi wa Serval, alioufikiria baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, wa kuziwezesha simu kuwasiliana zenyewe kwa zenyewe minara ikiwa imeanguka. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha aina ya mtu. Anajali mashine ambayo mwenyewe unaweza kuielewa hadi ndani na kuitumia bila kumtegemea mtu wa mbali.

FPGA ni nini? Chipu ya kawaida ni kama mlango wa Unguja: nakshi ikishachongwa imechongwa, ukitaka ua jingine tafuta ubao mwingine. FPGA ni ubao unaochongwa upya kila unapowasha umeme. Ndani yake kuna maelfu ya vijisaketi vidogo na nyaya za kuviunganisha, na hakuna kilichoamuliwa mapema. Ukiwasha, inasoma faili inayoiambia kipi kiungwe na kipi, na kuanzia hapo inakuwa saketi hiyo kwa vitendo. Haiigizi prosesa kwa kufuata maagizo moja baada ya jingine kama emuleta inavyofanya. Sehemu zake zote zinafanya kazi kwa wakati mmoja, kama zilivyofanya za silikoni.

Unachokiandika wewe ni maelezo ya saketi, kwa lugha iitwayo VHDL. Na hapo ule waraka wa 1991 ukapata thamani ambayo waandishi wake hawakuikusudia. Ukiwa na chipu bila waraka, una jiwe jeusi lenye miguu. Ukiwa na waraka bila chipu, una maelezo ya kila rejista (vijisanduku vya kuwekea thamani ndani ya chipu), kila amri, kila anwani, na sasa unaweza kuyageuza kuwa saketi. Naamini kwa dhati kwamba ule waraka uliiokoa C65 kuliko mashine zote zilizotoka ghalani. Mashine zilisaidia kuthibitisha. Waraka ndio uliozaa.

Mwaka 2015 Gardner-Stephen aliungana na jumba la makumbusho la michezo ya kielektroniki na sanaa la Ujerumani, chama cha wapenzi ambacho herufi za kwanza za jina lake kwa Kiingereza ni M.E.G.A. Ndiko lilikotoka jina MEGA65. Jina la Commodore lisingetumika. Baada ya ufilisi liliangukia kwa Escom ya Ujerumani mwaka 1995, kisha kwa Tulip ya Uholanzi mwaka 1997, na safari yake haikuishia hapo. Kwenye kibodi, pale ambapo ingekaa alama ya Commodore, kuna kitufe chenye alama ya MEGA.

Amri namba A7

Sasa tuingie kwenye kiini cha kisa, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo panapojulikana kama kujenga upya ni kunakili au ni kumalizia.

Ahadi kubwa ya C65 ilikuwa kuendesha programu za 64. Unaandika GO64, mashine inakuuliza ARE YOU SURE? kama ile Commodore 128 ilivyokuwa ikiuliza, unajibu Y, na mbele yako kunatokea ile skrini ya bluu ya 64. Inasisimua kila mara. Kisha unapakia mchezo, na mara nyingi mno mchezo unaganda.

Sababu iko ndani ya prosesa. Amri ya prosesa za ukoo wa 6502, ambao 6510 ya 64 ni mmoja wao, ina namba ya baiti moja, kwa hiyo nafasi ni 256. Wabunifu wa awali walizipa kazi rasmi nafasi 151. Zilizobaki 105 waliziacha wazi. Lakini saketi haijui kunyamaza: ukiipa namba isiyo rasmi itafanya kitu, mara nyingi mchanganyiko wa amri mbili. Waandishi wa michezo ya 64, watu waliokuwa wakibana kila baiti, wakazigundua na kuzitumia.

Chukua namba A7 kwa hesabu ya kumi na sita. Kwenye 64 haimo kwenye kitabu, lakini inafanya kazi nzuri sana: inasoma thamani kutoka kwenye kumbukumbu na kuiweka katika rejista A na X kwa mpigo mmoja. Prosesa ya C65 ilitokana na 65CE02, prosesa mpya zaidi ya ukoo huohuo, ambayo wabunifu wake walizijaza nafasi zote 256 kwa amri mpya zenye manufaa. Humo A7 inamaanisha: nenda kwenye kumbukumbu ukaiwashe biti ya 2. Mchezo uliotaka kusoma tu unajikuta umebadilisha. Hauoni kosa, unaendelea, na sekunde kadhaa baadaye unaanguka mahali ambapo huwezi kuhusisha na chanzo.

Ongeza suala la muda. Kwenye 64 ya Ulaya, mstari mmoja wa picha unachukua mizunguko 63 ya prosesa. Wataalamu walihesabu mizunguko hiyo kama mpiga ngoma anavyohesabu mapigo, wabadilishe rangi katikati ya mstari hasa pale wanapotaka. Amri ya kutofanya kitu, NOP, ilichukua mizunguko miwili. Kwenye 65CE02 inachukua mmoja. Ngoma imeharakishwa na mchezaji hajaambiwa.

Mjenzi wa leo afanye nini? Akinakili mashine za majaribio kwa uaminifu, atanakili na ugonjwa. Timu ya MEGA65 ilichagua kuipa prosesa yake, waliyoiita 45GS02, tabia mbili. Katika hali ya C65 A7 ni ile ya C65. Katika hali ya 64, prosesa inavaa tabia ya 6502 ya zamani, pamoja na zile amri zisizo rasmi. Hakuna mashine ya majaribio ya Commodore iliyofanya hivyo.

Wapo wanaosema huko ni kuvuka mpaka. Sikubaliani nao, na hoja yangu ni ule mstari wa onyo kwenye waraka. Wabunifu wenyewe waliandika kwamba chipu zitabadilika. Hawakuwahi kusema kazi imekwisha. Kuzichukulia zile mashine za majaribio kama msahafu ni kuwapa heshima wasiyoiomba, na kuwanyima waliyoiomba, yaani muda wa kurekebisha. Ahadi ya C65 ilikuwa kuendesha programu za 64. Kuitimiza ahadi hiyo ni uaminifu zaidi kuliko kuhifadhi namna ilivyoshindikana.

Hata hivyo hawakuifikisha mwisho, na ni haki kulisema. Chipu yao ya picha, VIC-IV, hailingani na VIC-II kwa kila mzunguko, na michezo iliyobanwa sana bado inagoma. Suluhisho lililokuja ni la aina ambayo FPGA pekee ingeweza kutoa: wapenzi wengine wakaandika saketi tofauti kabisa ya Commodore 64 halisi, unayoichagua wakati wa kuwasha. Wakati huo mashine yako si C65 tena. Ni 64, mzunguko kwa mzunguko, ndani ya kasha la C65.

Kasi, na pale ninapotofautiana nao

45GS02 inaweza kwenda kwa megahezi 40.5. Inaweza pia kupunguzwa hadi 3.5, 2 au 1. Nafasi ya anwani ilipanuliwa kutoka megabaiti 1 hadi 256. SID ziliongezwa kutoka mbili hadi nne. Kuna tundu la kadi ya kumbukumbu, la mtandao wa waya, na la skrini za kisasa.

Kuongeza matundu ni busara tupu. Hakuna aliye na televisheni ya mwaka 1991 sebuleni. Diski waliiacha, kiendeshi cha kweli cha inchi 3.5, na hilo nawapongeza kwa moyo wote, maana njia rahisi ilikuwa kuweka kadi pekee na kuacha mfuniko wa urembo. Diski hiyo ina nyimbo 80 kila upande, pande mbili, sekta 10 za baiti 512 kwa kila wimbo: baiti 819,200. Mlio wa kichwa chake kikitafuta wimbo ni sehemu ya namna mashine hiyo inavyoongea nawe.

Kwenye kasi ndipo ninaposita. Megahezi 40 haikuwa ndoto ya mtu yeyote Commodore kwa prosesa hii mwaka 1991. Matokeo yake yanaonekana: programu mpya nzuri zinazoandikwa leo nyingi zinategemea kasi hiyo na rejista za VIC-IV, na ukizipeleka kwenye C65 ya kweli hazitembei. Mwenye mashine ya majaribio, ambaye amelipa maelfu ya euro na kuitunza kama yai, amebaki na maktaba ndogo ileile. Ningependa kuona programu zaidi zinazoandikwa kwa megahezi 3.54 na kilobaiti 128, kwa sababu ni katika kubanwa huko ndipo tungejua C65 ingeweza nini hasa kama ingeuzwa. Swali hilo bado halijajibiwa vizuri, na MEGA65 ndicho chombo bora cha kulijibu. Wachache wanalijaribu.

Kutoka mezani hadi dukani

Mtu anaweza kuandika VHDL usiku jikoni kwake. Kasha la plastiki haliandikwi. Linahitaji kalibu ya chuma inayochongwa kwa usahihi mkubwa na kugharimu pesa nyingi kabla hata kasha moja halijatoka. Kibodi nayo ilipaswa kuwa na mpangilio wa C65, F1 hadi F14 zikiwemo, ambao haupo dukani popote. Kalibu ilipatikana kwa michango ya wapenzi wenyewe, watu waliotoa pesa kwa ajili ya kipande cha chuma ambacho wasingekiona.

Mwaka 2020 zilitoka mashine 100 za waendelezaji, ndani ya kasha la plastiki angavu, bodi yote ikionekana. Mwaka uliofuata kampuni ya Trenz Electronic ya Ujerumani ilifungua maagizo ya mashine kamili kwa euro 666.66 kabla ya kodi, fungu la kwanza likiwa 400, na zikaanza kuwafikia wenyewe Mei 2022. Kipindi hicho dunia nzima ilikuwa na uhaba wa chipu, na FPGA yao, Artix-7 ya Xilinx, ilikuwa miongoni mwa zilizopanda bei. Kwamba zilitoka hata hivyo, kwa mikono ya watu wenye kazi nyingine za mchana, ni jambo ninalolistaajabia.

Lilibaki suala la ROM. Unaweza kuijenga saketi upya kwa kusoma maelezo, lakini msimbo ulioandikwa na Bowen na wenzake ni mali ya mtu, hata kama kampuni imekufa. Timu ilianza kuandika ROM huria ya kwao kutoka mwanzo, kazi ngumu na ya polepole. Baadaye Cloanto, kampuni iliyoshikilia haki za programu hizo za Commodore, ilitoa leseni, na mashine zikaweza kuuzwa zikiwa na ROM iliyotokana na ile ya asili. Maelezo ya saketi yenyewe yako wazi kwa leseni huria. Siku Artix-7 itakapoacha kutengenezwa, na siku hiyo itafika, mtundu mwingine anaweza kuyahamishia kwenye chipu nyingine. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mashine hii na ile iliyotoka kwenye kiwanda cha MOS.

Msimbo wa Bowen haukuachwa ulivyokuwa. BASIC 10, lugha ya kuandikia programu iliyokuja na C65, ilikuwa na amri zilizoahidiwa zisizofanya kazi, na nyingine zilizoyumba. Walioipokea wakazirekebisha moja baada ya nyingine, wakaongeza mpya, na sasa inaitwa BASIC 65. Ukiiwasha MEGA65, namba ya ROM inaonekana kwenye skrini ya kwanza, na ni namba ninayoitazama kila ninapofungua emuleta yangu. ROM za Commodore nilizozitaja zote zilianza na 91, mwaka ambao kazi ilikatika. Ya Desemba ilikuwa 911210. Waliochukua kazi hiyo baada ya zaidi ya miaka 20 wangeweza kuanza na namba yoyote waliyoipenda. Zao zinaanza na 92.